Mtani Aliyenyamaza

Torika hakubisha hodi. Alisukuma bati la mlango wa gereji kwa goti, maana mikono yake miwili ilikuwa imekumbatia kamba nene ya kuvutia magari, akaingia na kuibwaga kamba ile sakafuni, karibu kabisa na vidole vya miguu ya Waisake.

"Nimekuja kuchukua pikapu ya baba," alisema. "Lori la Vikash linakuja kuivuta. Inakwenda Labasa, kwa fundi."

"Kwa fundi," Waisake alirudia.

"Ndiyo, kwa fundi. Hapa sijui ni kwa nani."

Waisake alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, spana mapajani. Pikapu ya samawati ilikuwa mbele yake, pua juu, imepandishwa kwenye magogo ya mnazi, magurudumu ya mbele yametolewa na kulazwa kando. Hakuinuka. Aliitazama kamba, kisha akamtazama mwenye kamba, na macho yake yakakaa hapo muda mrefu kuliko anaohitaji mtu kumtambua mgeni. Torika akageuza uso. Njia nzima kutoka stendi alikuwa amejiapia kwamba hatayatazama macho yale, wala kovu dogo la kidevuni, wala mikono. Hasa mikono.

"Mama yako anaendeleaje?"

"Usimtaje mama yangu."

"Nimeuliza tu."

"Mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Mkeka aliokuwa akisuka umebaki nusu, umekunjwa pembeni, na kila akipita anaugusa kwa mguu kama anayemwamsha mtoto. Umeridhika?"

Waisake aliinamisha kichwa. Kwa mtu mwenye ulimi kama wake, kule kunyamaza kulimchoma Torika kuliko tusi.

Jumamosi ya ajali Torika alikuwa ameteremka na pikapu kutoka kijijini kwao Nasoki kwenda sokoni Savusavu, mama yake kiti cha mbele, wanawake wa kijiji nyuma juu ya magunia ya magimbi na mihogo. Ilikuwa Julai, alfajiri ya kuvaa sweta. Juu mlimani breki zilishika vizuri tu. Katikati ya mteremko wanawake wa nyuma wakaanza kucheka na kuulizana ni nani anayekaanga mihogo saa zile, mbona harufu tamu namna hii. Walipofika kona ya chini Torika alikanyaga breki, mguu ukagota, lakini gari likaendelea kwenda. Likavuta kushoto, likaingia kwenye uzio wa shamba la minazi, likakaa juu ya nguzo. Magimbi yalibingirika barabarani hadi kwenye mtaro. Wanawake walitoka na michubuko. Mama yake akateguka mkono wa kulia, mkono wa kusukia mikeka.

Na pedi za breki zile zilikuwa mpya. Waisake ndiye aliyezifunga, mwezi ule ule.

Pikapu ilikuwa imeshavutwa hadi gereji ya Waisake, lakini Mzee Eparama, baba yake Torika, hakutaka uchunguzi. Alisimama kibarazani, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu kwamba mikono iliyotaka kumuulia mke haitagusa tena gari lake, wala kitu chake kingine chochote. Aliposema kitu kingine chochote, alimtazama binti yake. Torika akajua kwamba mzee ameshanusa jambo.

Ndiyo maana alikuwa amekuja na mizigo miwili. Wa kwanza kamba. Wa pili maneno aliyoyapanga usiku kucha, ya kumwambia Waisake kwamba yaliyokuwa kati yao yameisha.

"Kabla Vikash hajafika, nijibu jambo moja," alisema. "Zile pedi tulizochagua Labasa ulizifunga kweli? Au uliziuza, ukamfungia baba yangu za bandia?"

Spana ilitulia mkononi mwa Waisake.

"Rudia hapo."

"Umenisikia."

"Nimesikia. Nataka kuona kama unaweza kusema mara ya pili huku unanitazama."

Torika hakuweza. Aliyatazama magurudumu, na badala ya magurudumu akaiona kaunta ya duka la vipuri kule Labasa, siku waliyokwenda pamoja. Muuzaji alikuwa amewapangia maboksi. Torika alitaka yale ya bei nafuu yenye picha inayong'aa, na Waisake akamtolea pedi moja, akaigeuza, akamwambia apitishe ukucha pale nyama ya breki inapokutana na bati lake. Ukucha ulizama. "Hii itabanduka kama ganda la kidonda," alisema. Kisha Torika akataka zilizotolewa kwenye gari bovu, maana hizo angalau zilitoka kiwandani na gari lake, akakatazwa tena: pedi iliyokwisha kulika kwenye diski ya mwenzie ina mabonde yake, haiwezi kukaa sawa kwenye diski hii. Waliilinganisha ya tatu na ile kuukuu waliyokwenda nayo, sikio kwa sikio, tundu kwa tundu, mpaka vichwa vyao vikagusana juu ya kaunta. Hakuna aliyekiondoa chake upesi. Waisake akasema, bila mzaha hata chembe, "Chukua hizi. Zitakanyagwa na wewe. Nataka zishike."

Tangu wajuane, hilo lilikuwa neno lake la kwanza lisilo na tusi ndani yake. Torika alilala nalo siku nyingi.

Sasa Waisake aliinuka, akaenda kwenye meza, akachukua pedi mbili nyeusi na kuzitupa juu ya boneti mbele yake. "Tazama mgongoni. Muuzaji alitia doa la rangi nyekundu. Wewe mwenyewe ulimuuliza la nini."

Doa lilikuwepo. Torika aliligusa kwa kidole, na aibu ikampanda shingoni, lakini hasira iliyokwisha kupata kasi haisimami hovyo. "Basi ulizifunga vibaya."

"Sikuzifunga vibaya."

"Zimekuwaje, kwa hiyo?"

"Zimelowa."

"Zimelowa nini?"

Waisake alikuwa ameshageuka kutafuta kitambaa. "Nimeagiza nyingine, zimefika kwa basi la asubuhi. Na mipira ya breki pia, hii imevimba. Vikash akija mwambie asubiri kidogo, au arudi zake. Gari litatoka hapa kwa miguu yake."

"Nimeuliza zimelowa nini."

"Torika, ziache. Zitakuchafua." Alinyoosha mkono kuzichukua, haraka mno, na ile haraka ndiyo iliyomfanya Torika azinyakue na kuzificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeshika andazi. Kisha, akimtazama usoni, alizileta puani.

Savusavu nzima hunuka nazi, kwa sababu ya kinu cha kukamulia mafuta ya nazi. Nguo zilizoanikwa hunuka nazi, hata mkate hunuka nazi, na mtu wa pale haisikii tena. Lakini hii ilikuwa imeungua. Ilikuwa harufu ya kikaango, ile ile ya Jumamosi, ya wanawake kucheka na kuulizana nani anakaanga mihogo.

Torika alipiga magoti sakafuni bila kujali gauni. Uvungu wa pikapu ulikuwa safi kuliko vyombo vya watu wengine. Hapakuwa na kutu hata pa kuweka kidole, katika mji ambao chumvi ya bahari hula magari mpaka abiria wanaona barabara kati ya miguu yao. Kila chuma kilikuwa kimepakwa mafuta, nayo kwa ubaridi wa asubuhi yalikuwa yameganda meupe kama nta ya mshumaa. Yalikuwa kwenye fremu, kwenye springi, kwenye mipira ya breki. Na yalikuwa kwenye kalipa inayobana pedi, na kwenye kingo za diski, yamepigwa kwa brashi, na katikati ya kila mpigo palikuwa na mstari mtupu, kwa sababu brashi ile ilikuwa imeng'oka nywele za katikati.

Aliijua brashi. Ilikaa kwenye kopo la bluu chini ya ngazi za nyumbani kwao. Na alikumbuka Ijumaa jioni, miguu ya baba yake ikitokeza chini ya pikapu, jagi la mafuta ya kinuni kando yake, akiimba wimbo wa kanisani. Baridi ilikuwa imeyagandisha mafuta yale, kwa hiyo juu mlimani hayakuwa na madhara. Breki zilipopata moto, yakayeyuka na kutiririka pale pasipotakiwa.

Alipoinuka, magoti yake yalikuwa na duara mbili za mafuta.

"Ulijua," alisema.

Waisake alikuwa akifuta spana iliyokuwa safi tayari.

"Baba amekutangaza kila mahali. Mchungaji amekuombea kwa jina, eti Mungu akupe moyo wa uangalifu. Mimi mwenyewe nimekuita mwizi sasa hivi, hapa hapa. Na ulijua."

"Nilijua nilipotoa gurudumu la kwanza."

"Basi kwa nini husemi?"

"Niseme nini? Mzee hana cha kujivunia kama uvungu wa gari lake. Kila mgeni anainamishwa autazame. Nimwambie kwamba ndio uliomtegua mkewe mkono?"

"Wewe ndiye mtu wa kumwambia. Nasoki na kwenu Vunikura ni watani tangu mababu. Ulimvua baba kofia sokoni ukaondoka nayo, hakukudai. Ulikula papai lake huku anakutazama. Ulimwita mla popo mbele ya mchungaji. Leo umepata jambo la kweli, la kumcheka mwaka mzima, halafu unakuwa bubu?"

"Nimeacha kumtania."

"Tangu lini?"

"Tangu Labasa."

Ni kweli. Kwa wiki hizi zote Waisake alipokutana na mzee alikuwa akivua kofia yake mwenyewe, anainama akipita mbele yake, anajibu "ndiyo, mzee" na "hapana, mzee", na hata sigara akipewa haichukui. Nyumbani baba yake alilalamika wakati wa kula: "Tangu lini mwizi wa kaa wa Vunikura ananiamkia kwa heshima? Huyo kuna kitu anaficha." Ajali ilipotokea, mzee alisema ameona sasa kilichokuwa kikifichwa.

"Mtu hawezi kumtukana mzee asubuhi, jioni akaenda kukaa chini mbele yake na jino la nyangumi la kuposea," Waisake alisema, na sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyelazimishwa kufungua sanduku lake njiani. "Mtani huchukua bila kuomba. Mimi nilitaka kuomba. Nilifikiri nikikaa kimya vya kutosha atasahau mdomo wangu. Sasa umejua. Funga kamba yako."

"Na ungekaa kimya mpaka lini? Mpaka nikuache?"

"Si ndilo lililokuleta?"

"Ndilo."

"Haya. Niache, nifanye kazi."

Torika alimpiga kifuani kwa kile alichokuwa ameshika. Pedi iliacha alama nyeusi ya mafuta kwenye shati, mahali pa moyo hasa. Waisake hakurudi nyuma. Aliushika ule mkono, akaufungua vidole kimoja kimoja, akachukua pedi, na mkono wenyewe akasahau kuuachia. Walisimama hivyo, wote wawili wakihema kwa hasira, na Torika akagundua kwamba ameyatazama macho, na kovu, na mikono, yote aliyojikataza.

Nje honi ya lori ikalia.

Mzee Eparama aliingia akiwa amevaa sulu, kikoi chake cha kwenda mjini, na kofia ya majani ya mkindu. Mikono ya wale wawili ilikuwa imeshaachana, lakini mzee aliona jinsi ilivyoachana.

"Kamba bado iko chini," alisema. "Nilidhani nimemtuma mtu mzima."

Torika aliichukua tena pedi kwa Waisake. "Baba, njoo unuse hii."

"Sijaja kunusa. Vikash amewasha injini."

"Nusa, Baba."

Katika nyumba yao binti hamwamuru baba. Mzee alikunja uso, na labda kwa mshangao tu akaipokea pedi na kuileta puani. Alikuwa amekausha nazi tangu akiwa mtoto. Hakuhitaji kunusa mara mbili.

"Nazi iko kila mahali mji huu," alisema hatimaye.

"Iko kwenye breki. Imepakwa kwa brashi, na katikati kuna mstari usio na mafuta. Inama uone, Baba. Kila mgeni unamwinamisha. Leo inama wewe."

Mzee hakuinama. Alitazama pikapu, akatazama mkono wake wa kulia, na kwa muda alionekana mzee kuliko alivyoingia. Kisha akatafuta mahali pa kuiweka ile hasira yake, maana ilikuwa bado nzima na haikuwa na mwenyewe.

"Si zioshwe kwa petroli?" alifoka.

"Haziosheki, mzee," Waisake alisema taratibu. "Zimeshakunywa."

"Kumbe unao mdomo. Wewe ulilijua hili?"

"Nililijua, mzee."

"Na ukanyamaza. Mimi nazunguka nakuita muuaji, nawe unanitazama nikijiaibisha. Huko ni kunidharau kuliko matusi yote ya Vunikura." Alimsogelea. "Nitukane, kijana. Ni haki yako. Ningekuwa wewe ningesimama sokoni na hii pedi mkononi, ningesema mzee wa Nasoki ana akili ya popo, anakaanga breki badala ya samaki. Sema."

Waisake alitazama chini. "Siwezi, mzee."

"Mtu wa Vunikura anashindwa kumtukana mtu wa Nasoki?"

"Siwezi tena."

Mzee Eparama alimtazama kijana aliyeinama, na alama ya mafuta kwenye shati lake, na baadaye akamgeukia binti yake, mwenye mafuta magotini na kiganjani. Torika hakuinamisha macho.

"Kumbe ndiyo hivyo," mzee alisema, bila furaha yoyote. "Mji mzima nina mtani mmoja tu anayejua kutukana. Na huyo nimeibiwa, tena na mtu wa nyumbani mwangu."

Alitoka nje. Walimsikia akimwambia Vikash arudi na lori lake, na Vikash akiuliza nini kimetokea, na mzee akimjibu kwamba ashughulike na lori. Aliporudi aliketi juu ya gurudumu moja lililolazwa, akawapa mgongo, akakaa hivyo muda wote. Waisake alifuta uvungu wa mbele, akasugua diski kwa msasa, akabadilisha mipira iliyovimba, akafunga pedi mpya. Torika aliingia kwenye usukani kukanyaga na kuachia breki wakati wa kutoa upepo. "Kanyaga," Waisake alisema chini. "Achia. Kanyaga." Hawakusema kingine, na kila neno mgongo wa mzee ulilisikiliza.

Kazi ilipoisha mzee alipanda kiti cha mbele. Kutoka nyuma ya kiti alivuta jagi la mafuta na kulitokeza dirishani.

"Chukua basi, mwizi wa kaa. Si ndiyo tabia yenu, kuchukua?"

Waisake alikuja mpaka dirishani, kofia mkononi. Hakulipokea jagi.

"Cha kwako sichukui tena, mzee. Nitakuja kuomba."

"Ukiomba kwa sauti ndogo hivyo mimi sitasikia. Na shati hilo usije nalo."

Torika alitia gia kabla baba yake hajapata tusi lingine. Walipanda mlima kwa upande wa mji, na mzee, badala ya kumwacha aendelee moja kwa moja hadi nyumbani, alimwamuru ageuze pale juu na kuteremka upya. Katika kona ya chini, mbele ya uzio uliobomoka, alisema, "Simama."

Torika alikanyaga. Pikapu ikasimama pale pale, imenyooka, bila kuvuta upande na bila harufu. Mzee alivuta hewa puani mara kadhaa kuhakikisha. Kisha alikaa akiitazama ile nguzo iliyolala.

"Mkono wa mama yako utachelewa kupona," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Hawezi kusuka kwa mkono ule. Na ule mkeka umebaki nusu."

"Najua."

"Mwambie yule asije kabla mkono haujapona," mzee alisema, uso bado ameugeuzia uzio. "Mimi siozi binti bila mikeka."